Jicho Kavu Msibani

Siku tuliyomzika mama, watu wa Pangani walinitazama usoni wakitafuta machozi, na machozi hayakuwepo.

Nilikuwa nimekaa chumba cha ndani pamoja na wanawake, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha kwenye mkeka kwa sababu magoti yalikuwa hayakunjiki vizuri. Nje wanaume walikuwa wakisubiri jeneza litoke. Dada yangu, aliyeolewa Tanga mjini na aliyefika asubuhi ile ile, alikuwa amejiinamia, mabega yanamtikisika, kanga aliyojifunika usoni imelowa. Binamu zangu walilia. Majirani walilia. Hata mwanamke aliyekuwa akituletea samaki mlangoni, ambaye mama alikuwa hamalizi wiki bila kugombana naye, alilia. Mimi niliyekaa na mama miaka yote ya ugonjwa wake, niliyemlisha, nikamwogesha na kumgeuza kitandani, nilikaa na macho makavu, mekundu, yanayokwaruza kama yamemwagiwa mchanga.

Si kwamba huzuni haikuwepo. Kilio nilikisikia kikipanda, koo likabana, midomo ikatetemeka. Kila kitu cha kilio kilikuja isipokuwa chozi lenyewe. Nilipofumba macho nikadhani labda nikiyabana litatoka, kope zilikwangua tu, nikafumbua haraka kwa maumivu. Mtu aliyeniona wakati ule angeapa kwamba nimekasirika.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekaa mkabala nami. Kwa upande wa baba yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na neno lake katika ukoo wetu hupokewa kabla hajalimaliza. Alinitazama kwa muda, kisha akamwambia jirani yake, kwa sauti ambayo hakujisumbua kuishusha:

"Huyu ndiye aliyekaa na mama yake. Hata chozi la adabu hana."

Mwanamke aliyekuwa akituongoza katika dua alisikia, akaendelea na dua yake. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba dini haimdai mfiwa machozi. Inachokataza ni kupiga mayowe na kujirarua. Lakini msiba una sheria zake ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote, na mimi nilikuwa nimeivunja ile ya kwanza.

Niliinua uso, nikauacha wazi mpaka jeneza likatoka.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi upande wa Mwera, na hadi leo nafundisha hapo. Nyumbani ni Pangani mjini, kwa hiyo kila asubuhi navuka mto kwa pantoni, halafu napanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Miaka kadhaa kabla mama hajafariki, mikono yangu ilianza kuwa migeni. Naamka vidole vimekakamaa, siwezi kufunga kifungo wala kukamua kitambaa cha kumfutia mama. Jua likishapanda vinalegea kidogo, nikaweza kushika chaki. Vifundo vya vidole vikavimba, vikawa vya moto. Vikafuata viganja, kisha magoti.

Wote tuliita hali hiyo baridi yabisi, na jina hilo likachukuliwa kuwa maelezo na tiba kwa pamoja. Majirani walisema ni maji ya alfajiri ninayofulia mashuka ya mgonjwa. Walimu wenzangu walisema ni umri, ingawa sikuwa nimefika hata hamsini. Nilinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, nikameza, nikaenda kazini.

Kinywa nacho kilikauka. Muhogo wa kuchoma niliokuwa nikiupenda tangu utotoni sikuweza tena kuumeza bila kuusindikiza kwa maji. Darasani chupa ya maji ilikaa mezani siku nzima, na nisipoigusa kwa muda ulimi ulinata kwenye kaakaa katikati ya sentensi. Hilo nalo lilikuwa na maelezo yake: mwalimu anaongea sana. Na macho yalipoanza kukwaruza nikasema ni vumbi la barabara na chaki. Kila sehemu ya mwili wangu ilipewa sababu yake peke yake, na hakuna aliyekaa akaziunganisha, mimi nikiwemo.

Baada ya matanga maneno yalianza kutembea. Wapo waliosema nilikuwa nimechoka na mama na sasa nimepumzika. Wapo waliosema wasomi hawalii. Kwenye kundi la ukoo la simu mtu alituma ujumbe mrefu kuhusu watoto wanaowapoteza wazazi kabla hawajapata radhi zao. Hakutaja jina. Watu wakajaza alama za mikono ya dua chini yake, na mimi nikausoma ujumbe ule kwenye kiti cha bodaboda, upepo ukinipiga machoni.

Arobaini ilipofika, dada yangu alikuja siku moja kabla. Jioni aliniita chumbani, akafunga mlango. Alikuwa na nia njema, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliniuma zaidi.

"Mdogo wangu, watu hawaoni kilicho moyoni, wanaona uso. Kesho jifunike kanga uso mzima. Au chukua kitunguu, jipake pembeni ya jicho, maneno yaishe."

Nilimwambia kwamba mchana ule nilikuwa nimemenya vitunguu vya pilau pamoja na wenzangu. Wao walifuta macho kwa mikono na mabega, mimi yaliniwaka tu. Alidhani natania. Nikamwambia jambo jingine ambalo hakulidhania utani:

"Mama sikumuuguza kwa kuigiza. Sitamlilia kwa kuigiza."

Hakunisemesha tena mpaka asubuhi. Siku ya arobaini nilipitisha masinia kwa wageni nikiwa uso wazi, macho mekundu na makavu. Aliyetaka kuyatazama aliyatazama.

Wiki chache baadaye jicho la kushoto likaanza maumivu ya namna nyingine. Huku hakukuwa kukwaruza tena. Lilikuwa jino bovu lililohamia jichoni: linavuta kutoka ndani, linapanda kwenye paji la uso, halinipi nafasi. Mwanga ulinichoma. Darasani nilifundisha nikiwapa wanafunzi mgongo na ubao nikiutazama kwa jicho moja. Duka la dawa walinipa dawa ya matone, wakaniambia ni mzio. Ikanipa nafuu kwa siku kadhaa, nikafurahi, kisha maumivu yakarudi yakiwa makali kuliko mwanzo. Nilipojitazama kwenye kioo cha kabati, niliona ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho umeingia weupe mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa.

Shangazi alipata habari akaja nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwekea kiti. Alikuwa na kichupa mkononi, maji ya majani fulani aliyoyatoa kwa mtu anayemwamini. Alitaka nilale chali anitie palepale. Kisha, alisema, Ijumaa tungekwenda pamoja kaburini kwa mama, nipige magoti, niombe radhi, kwa sababu jicho hilo si ugonjwa wa hospitali. Mtoto aliyemnyima mama yake machozi, macho humdai.

Aliyasema hayo taratibu, karibu kwa huruma. Nadhani aliyaamini. Mimi nilikuwa nimeshika jicho kwa kitambaa cha maji, magoti yananiuma, na nilisikia kitu ndani yangu kikisimama wima.

"Shangazi," nikamwambia, "shikamoo yako nitakupa kila siku, na kiti nitakuwekea. Lakini radhi za mama yangu usizishike wewe kama funguo za nyumba yako. Alinipa mwenyewe, kwa mdomo wake, mimi na yeye tukiwa peke yetu. Na jichoni mwangu hakiingii kitu nisichokijua."

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumjibu hivyo, na nafikiri alikuwa akisubiri niombe msamaha. Sikuomba. Akachukua kichupa chake, akajifunga ushungi vizuri, akatoka. Mimi nikampigia dada simu nikamwambia kesho naja Tanga, anipokee stendi, tunakwenda hospitali.

Daktari wa macho aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye lafudhi ya milimani, asiye na maneno mengi. Alinikalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kiegemeo, akanitia tone la dawa yenye rangi ya machungwa, akanimulika kwa taa ya buluu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilianza kujiandaa kuambiwa ni trakoma, au vumbi, au kwamba nimechelewa. Alipoinua kichwa alisema kitu ambacho sikukitarajia.

"Mwalimu, hebu nionyeshe mikono yako."

Nilidhani hakunisikia nilipomwambia kinachouma ni jicho. Nikaiweka mikono mezani. Akaishika mmoja mmoja, akaminya vifundo, akavitazama vidole vyangu vilivyoanza kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Aliuliza asubuhi vinakakamaa kwa muda gani. Aliuliza kama naweza kula mkate mkavu bila kunywa kitu, nikamwambia siku hizi hata wali unanishinda. Akachukua vikaratasi vyembamba, akakunja ncha zake, akavipachika ndani ya kope zangu za chini, akaniambia nifumbe macho tusubiri. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu; nilisikia bangili zake tu. Daktari alipovitoa vikaratasi, alivigeuza kwenye mwanga. Kwa mtu mwenye afya, alisema, vingekuwa vimelowa. Vyangu vilikuwa vikavu kama vilivyotoka kwenye pakiti.

Ndipo akatueleza. Sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, wao wanaiita konea, sisi huita kioo cha jicho. Katikati yake haina mishipa ya damu, ndiyo maana mtu anaona kupitia hapo. Lakini ukingoni inapakana na mishipa, na hapo ndipo magonjwa ya mwili mzima hupata mlango. Nilichokuwa nacho mikononi hakikuwa baridi wala maji ya alfajiri. Kinga ya mwili ni kama mgambo wa mtaa. Kazi yake ni kukamata wabaya wanaoingia. Kwangu mimi mgambo walikuwa wamewageukia wenyeji. Wamepiga viungo, wamepiga tezi za mate na tezi za machozi mpaka zimekauka, na sasa wanakula kioo cha jicho kuanzia pembeni. Ule weupe niliouona kwenye kioo cha kabati ulikuwa kidonda, na chini ya kidonda kioo kilikuwa kimekonda kiasi cha kutisha.

Nikamuuliza kama ni kusema machozi hayapo kabisa.

"Yapo kidogo mno," akasema. "Hata ungefiwa, yasingetoka."

"Nimefiwa na mama."

Aliweka kalamu chini. Nikamsimulia, kwa kifupi, siku ya maziko na yaliyosemwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, halafu akasema kwa sauti ile ile ya kazi:

"Basi ulilia, mwalimu. Macho ndiyo hayakushiriki."

Nyuma yangu dada yangu alianza kulia. Sikugeuka. Ningependa kuandika kwamba nilipata faraja saa ile, lakini nilichopata ni hasira, na hasira ile ilikuwa safi, ilinipa nguvu. Miaka yote watu walikuwa na maelezo tayari juu ya mwili wangu: maji, umri, chaki, vumbi, radhi. Kila mmoja alinipa lake bure, bila kunishika hata kidole. Huyu wa kwanza aliyenishika vidole alijua kilichomo jichoni.

Nililazwa siku hiyo hiyo. Daktari alinionya kwamba kioo kikitoboka, yaliyomo ndani ya jicho yanaweza kutoka na kuona kukaisha. Nisisugue, nisiiname, nisinyanyue kitu kizito. Jicho likafunikwa kwa kikombe kidogo cha plastiki chenye matundu. Nilitarajia nitapewa matone na marhamu basi. Matone yalikuwepo, mengi, ya kulowesha jicho mchana kutwa, lakini alisema kutibu jicho peke yake ni kupaka rangi ukuta unaoliwa na mchwa. Ugonjwa uliofika kwenye kioo cha jicho kwa namna ile, alisema, unaweza kuwa njiani kwenda kwenye mapafu na mishipa mingine, na watu hufa wakidhani wanaumwa macho tu. Akamwita daktari wa magonjwa ya ndani, kijana mpole mwenye miwani, ambaye alinipima damu na kifua, akanianzishia dawa ya kuwatuliza hao mgambo.

Dawa zile hazikuwa na adabu. Za kwanza zilininyima usingizi na kunipa njaa ya ajabu. Uso ukavimba ukawa mviringo mpaka nikajishangaa kwenye kioo cha bafuni. Nyingine ilikuwa ya kumeza mara moja kwa wiki, na daktari kijana alirudia kwa ukali kwamba ni mara moja kwa wiki, kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Siku ya kuimeza nilijua kesho yake nitakuwa na kichefuchefu. Nilimeza. Kila niliposikia kutapika kunakuja nilijiambia kwamba angalau sasa tunapigana na adui mwenyewe, hatupigani na kivuli chake.

Dada yangu hakuniomba msamaha kwa maneno. Alikuja wodini kila siku na chakula laini: uji, ndizi za nazi, samaki wa mchuzi aliyemtoa miiba kwa mikono yake. Alijifunza kunitia matone vizuri kuliko hata muuguzi, akivuta kope ya chini kwa kidole kimoja, amebana pumzi. Siku moja akachukua simu, akafungua kundi la ukoo, akarekodi sauti yake mbele yangu. Alisema mdogo wake hana machozi kwa sababu tezi za machozi zimekauka kwa ugonjwa, imepimwa, na daktari ameona. Akamalizia:

"Mwenye neno jingine aniletee mimi, nyumba yangu anaijua."

Hakuna aliyejibu. Jioni mtu mmoja akaweka alama ya mikono ya dua, na tukacheka mpaka muuguzi akaja kunikumbusha nisilitikise jicho.

Kidonda kilipona polepole, kikaacha kovu. Hadi leo, kwa jicho la kushoto, upande wa nje naona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua kilichochakaa. Daktari alinieleza kwamba kioo kilichoondoka hakioti tena kama ukucha. Tulichoweza kufanya ni kuzuia kisiendelee kuliwa. Nikamwambia hilo linanitosha, mradi nilichobakiwa nacho nakitumia.

Niliporudi shule, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mwema, na aliongea kama mtu mwema. Aliniambia afya ndiyo mtaji wa mtu, kwamba serikali ina utaratibu wa kumstaafisha mtumishi anayeumwa, na kwamba hakuna atakayenilaumu. Alikuwa ameshaongea na mwenzangu mmoja achukue darasa langu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia kwamba jicho moja linaona ukungu na jingine linaona vizuri, vidole vinaandika, kichwa hakijaguswa. Nikamwomba anionyeshe ni somo gani kati ya yale ninayofundisha linalohitaji machozi.

Alicheka kwa aibu, lakini hakuacha palepale. Alisema wazazi wameanza kulalamika; jicho jekundu linawatisha, wanaogopa watoto wataambukizwa. Nikamwambia katika mkutano wa wazazi uliokuwa umepangwa anipe nafasi mimi niseme.

Siku ya mkutano wazazi walijaa kwenye darasa kubwa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Wakulima, wachuuzi wa samaki, watu wa mashamba ya mkonge ambao wazazi wao walitoka bara kuja kukata mkonge wakabaki. Nilikuwa nimevaa miwani myeusi. Nikasimama mbele, nikaivua, nikaiweka mezani, nikawaacha watazame. Mwanga wa mlangoni ulinichoma lakini sikufumba.

"Hili jicho haliambukizi," nikawaambia. "Haliwezi kutoka kwangu kwenda kwa mtoto wako, hata akilitazama kutwa. Ni mwili wangu unaojipiga wenyewe. Kama kuna mwenye viungo vinavyovimba na macho yanayowasha, msimuuzie maji ya majani. Mpelekeni akapimwe."

Mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa mkata mkonge, aliuliza kama ndiyo kusema wanawake wote wenye baridi yabisi watapofuka. Nikamwambia hapana, wengi hawafiki huko, na wanaotibiwa mapema hawafiki kabisa ila wachache. Mwanamke mmoja akauliza kuhusu dada yake. Wakauliza mengine, mpaka ajenda ya chakula cha mchana cha wanafunzi ikasukumwa mbele. Mwalimu mkuu hakunitajia kustaafu tena.

Nikapanga kazi yangu upya. Naandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi za manila nyumbani, jioni vidole vikiwa vimelegea, asubuhi nazibandika ubaoni. Kengele ya kipindi ikilia natia matone. Darasa linajua, linanyamaza, halafu tunaendelea. Kwenye bodaboda navaa miwani ya kuziba pembeni, kama ya wachomelea vyuma. Vijana wa pantoni waliniita fundi kwa muda, nikaitika.

Kuna nyakati dawa ya wiki inakosekana. Mara ya kwanza ilipokosekana Pangani, muuzaji aliniambia nikae tu bila, kwani naonekana mzima. Nilipanda basi kwenda Tanga siku hiyo hiyo, nikazunguka maduka mpaka nikaipata. Ninavyoonekana mzima ni kwa sababu ya dawa hiyo. Sitaiacha ili kuwapa watu ushahidi kwamba naumwa.

Shangazi hajalifuta neno lake. Tunakutana kwenye harusi na misiba, namwamkia, anaitikia, ananiangalia miwani. Amewahi kuniletea papai. Amewahi pia kusema, nilipokuwa nasikia, kwamba hospitali inatibu tawi, haitibu mzizi. Nilimshukuru kwa papai.

Kwenye benchi la kliniki, Tanga, nilikuwa nimezoeana na mwanamke wa Tongoni, mdogo kwangu kwa umri, mwenye magoti yaliyovimba na macho mekundu yote mawili. Tuligawana biskuti na matone. Alikuwa akichekesha, akiwaiga wagonjwa wanavyojibu wakiitwa majina. Kisha akaacha kuja. Simu yake ikawa inaita haipokewi, baadaye ikawa haiiti kabisa. Kliniki iliyofuata sikumwona tena, nikamuuliza muuguzi, hajui. Wakati wa kurudi nilishuka Tongoni, nikauliza njia mpaka nyumbani kwake.

Alikuwa amelala ndani, dirisha limezibwa kwa gunia. Mumewe alinipokea vizuri, akaniletea mkeka. Ni mkulima wa minazi, si mtu mkali. Alinieleza kwamba wamekwenda hospitali mara nyingi, dawa haina mwisho, na kila safari ni siku ya kazi inayopotea. Sasa wanajaribu kwa mtu mwingine, ameahidi kumponya mara moja tu. Kutoka ndani nilisikia mkewe anageuka kitandani.

"Shemeji," nikamwambia, "huyo anayeahidi mara moja tu, hajaona ninachokiona mimi." Nikavua miwani nikamwonyesha kovu. "Sikuja kugombana na wewe. Ama kesho asubuhi naondoka na mkeo kwenda Tanga, ama nakaa hapa mpaka uchoke kunilisha."

Alinitazama, akatazama mlango wa ndani. Hapo mkewe akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa ukavu wa kinywa, kwamba anataka kwenda. Ni neno hilo lililomaliza mjadala, wala si tishio langu. Nililala Tongoni, na asubuhi tukaondoka wote watatu, mume akiwa amembebea mkoba.

Daktari alipomfungua jicho la kulia alilitazama kwa muda mrefu, kama alivyolitazama langu. Kioo kilikuwa kimeshatoboka, siku nyingi. Alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba jicho hilo halitaona tena. Mwanamke yule alikaa na maneno hayo, mikono magotini. Mumewe alitoka nje akasimama kwenye korido. Kisha mwanamke akauliza:

"Na hili jingine?"

"Hili tunalo," daktari akasema. "Ukimeza dawa."

Anameza. Jicho la kushoto linaona mpaka leo, na mumewe ndiye anayemkumbusha siku ya dawa ya wiki. Kuna siku bado namkasirikia mtu yule aliyeahidi kuponya mara moja tu, na kuna siku nawakasirikia majirani waliomsifu. Daktari aliniambia hasira hainufaishi jicho. Nikamwambia hasira yangu haikai jichoni, inakaa miguuni, ndiyo inayonipandisha basi.

Jumatatu ni kliniki yetu. Basi likifika Tongoni atapanda, nitakuwa nimemshikia nafasi upande usio na jua. Mwalimu mkuu nimemwarifu kwamba sitakuwepo siku hiyo. Sikumwomba ruhusa.